Sauti ya Kwanza Kwenye Kanda ya Natvarlal

Mwanza,
4 Agosti 2025

Mwalimu Kokulinda Kashaija,
Kemondo.

Shikamoo Mwalimu,

Hunifahamu. Mimi ni Arjun, mjukuu wa Mzee Natvarlal aliyekuwa na duka la redio karibu na soko kuu hapa Mwanza. Babu alifariki miaka sita iliyopita. Duka ninalo mimi, ingawa siku hizi nauza chaja na kava za simu. Chumba cha nyuma alimokuwa akirekodia kwaya nimekiacha vile vile.

Kabatini mwake nilikuta kanda mia mbili na kumi na mbili. Kuna kwaya za kanisani, maulidi, ngoma za Magu na Misungwi, harusi za Wahindi na za Wasukuma. Nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta moja moja na kuziweka mtandaoni, kwenye chaneli yenye jina lake. Watu wanaandika kwamba wamemsikia baba yao, wengine bibi yao. Furaha ninayoipata hapo siipati kwenye chaja.

Mwezi wa sita niliweka kanda yenu ya mwaka 1982, ile ya wimbo wa taifa ulioimbwa na wasichana wa shule. Baada ya wiki mbili ikaondolewa. Kampuni moja ya ng'ambo, inayouza mkusanyiko wa nyimbo za mataifa, inadai kwamba rekodi ni yake. Mwanzoni nilicheka. Tangu lini wimbo wetu wa taifa ukawa na mwenyewe huko? Wakili akanieleza taratibu: wimbo ni kitu kimoja, rekodi ni kitu kingine. Wimbo ni wa sisi sote. Ila sauti zilizoingia kwenye kanda siku ile zina wenyewe, yaani aliyerekodi na walioimba. Hapo ndipo hakimiliki inapoanzia, na kampuni inasema wenyewe ni wao.

Hili ni onyo langu la tatu. Mawili ya kwanza yalikuwa haki yao. Niliweka harusi mbili zenye santuri za watu zikilia nyuma. Hili nalo likithibitishwa, chaneli nzima inafutwa, pamoja na kazi yote ya Babu. Nimepewa hadi tarehe 30 Septemba kupinga.

Ninachohitaji ni maelezo yenye sahihi ya wino kutoka kwa mwimbaji mkuu. Ndani ya boksi la kanda kuna kadi aliyoandika Mwalimu Projest, mwalimu wenu wa kwaya. Ina majina ishirini na mawili, na juu kabisa: "Kiongozi wa sauti, Kokulinda Kashaija." Anwani yako nimepewa na ofisi ya parokia. Ni wewe unayeanza mstari wa kwanza peke yako kabla wenzako hawajaingia. Mwalimu, nimesikiliza kanda nyingi za Babu, na sauti kama ile sijakutana nayo tena.

Fomu iko humu ndani. Barua nimempa karani wa meli, ameahidi itakufikia.

Wako mtiifu,
Arjun


Kemondo,
13 Agosti 2025

Arjun mjukuu wangu,

Marahaba. Umeniandikia kwa mkono, tena kwa aya! Nimesahihisha makosa mawili kwa kalamu nyekundu kabla sijakumbuka kwamba nimestaafu. Usikasirike.

Pole sana kwa kuondokewa na Mzee Natvarlal. Sikujua. Chumba kile nakiona mpaka leo: mablanketi yamepigiliwa ukutani yameze mwangwi, harufu ya udi ikichanganyika na ile ya nyaya zilizoungua, na babu yako mwenyewe katika kaptura ya kaki, miguu myembamba, anatugawia iliki moja moja tutafune ili makoo yafunguke. Makoo mengine hayakufunguka, lakini hayo ni ya zamani. Tulikuwa tumetembea kutoka shuleni kwa mstari, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini, na wauza dagaa walitupisha. Tuliona kama mji mzima unatutazama. Pengine hakuna aliyekuwa akitutazama, ila ukiwa na miaka kumi na saba huwezi kulijua hilo.

Sasa kuhusu fomu. Mjukuu wangu, achana nayo. Wimbo wa taifa ni wa taifa, mimi ni nani nianze kuudai uzeeni? Nina migomba yangu, nina presha yangu, na wanafunzi wangu wa zamani wananisalimia vizuri njiani. Wanatosha. Kanda nyingine za babu yako utazihifadhi mahali pengine.

Ukiugua huko, mtoto wangu Sharon ana duka la dawa Buhongwa. Ni binti wa marehemu mdogo wangu; nimemlea tangu akiwa na miaka miwili. Atakupa dawa nzuri. Ila haya ya kanda usimpelekee, ana kazi nyingi.

Mimi,
Mwl. Kokulinda


Mwanza,
20 Agosti 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nimeyaona makosa yangu mawili na nimejirekebisha. Nakuomba radhi, maana nitakusumbua tena kidogo.

Kwenye ubeti wa pili wa kanda yenu inasikika honi ya meli. Si kwa mbali. Inalia kwa nguvu bandarini na kufunika maneno mawili mazima. Fundi yeyote angesimamisha mashine na kuwaambia muanze upya. Babu hakusimamisha, na mimi najua kwa nini.

Nilikuwa mdogo, nakaa chini ya kaunta. Redio ikipiga wimbo wa taifa, Babu alisimama wima, bisibisi mkononi, hata akiwa peke yake, hata ile redio ikiwa imefunguliwa tumbo mezani. Siku moja mteja alikuwa anahesabiwa betri zake. Babu akasimama, mteja naye akasimama, na mimi nikatoka chini ya kaunta nikasimama. Hakuna aliyejikuna. Siku ile ya 1982 basi alibonyeza kitufe, mkaanza kuimba, akasimama mikono pembeni, mashine ikabaki bila mtu. Honi ikalia. Mzee yule asingeukata wimbo wa taifa katikati hata chumba kingeshika moto.

Nimeinunua rekodi ya hiyo kampuni nikaisikiliza. Honi imo, maneno yaliyofunikwa ni yale yale mawili. Kwa hiyo ni kanda yetu. Babu aliwahi kutengeneza nakala moja kwa ajili ya redio; nadhani waliipata hiyo, sijui kwa njia gani.

Mwalimu, sikuombi uudai wimbo. Nakuomba useme tu kwamba siku ile, kwenye chumba kile, uliimba. Miaka ya mwisho Babu hakuwa akisikia vizuri. Alikuwa ananiomba nimwekee kanda hii, anaweka kiganja juu ya spika ili aisikie kwa mkono. Ikifutwa, nitajiona nimemfuta yeye.

Arjun


Kemondo,
29 Agosti 2025

Arjun,

Fomu hii hapa. Nimetia sahihi.

Usiniandikie tena habari za kiganja juu ya spika.

Mwl. Kokulinda


Mwanza,
5 Septemba 2025

Shikamoo Mwalimu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na lililotokea.

Fomu yako ilipofika nilimpelekea wakili. Akauliza: kanda yenu ina kitu gani ambacho rekodi ya kampuni haina? Rekodi yao inakatika wimbo unapoisha. Yangu ya mtandaoni pia niliikata hapo hapo, kwa sababu nilidhani kinachofuata ni kimya tu. Akaniambia nirudi nikaicheze kanda halisi mpaka mwisho, maana mwenye kipande kirefu ndiye mwenye asili.

Nimeicheza juzi kwenye mashine ya Babu. Wimbo unaisha na mashine inaendelea, bila shaka Babu bado amesimama. Kisha kuna msichana anazungumza, karibu kabisa na kipaza sauti. Ni sauti ile ile iliyoanza wimbo. Anasema, "Dada Koku, nimeweza?"

Hakuna anayemjibu. Nimehesabu, ni sekunde kumi na moja za kimya. Halafu mwanamume anasema, "Jovitha, kimbia, meli!" Viatu vinakimbia, mlango unagonga, na kanda inaishia hapo.

Mwalimu, kwenye kadi hakuna Jovitha.

Fomu yako iko mezani kwangu. Sijaituma na sijamwambia mtu, hata wakili. Nikiituma yenyewe bila kile kipande, hatuna cha kuwashinda nacho. Nikituma kipande, kila atakayesikiliza atajua kwamba aliyeimba si aliyetia sahihi. Ushahidi wangu na jambo lako viko kwenye futi chache za kanda ile ile. Kuna mkasi hapa mezani, lakini kukata kanda ya Babu siwezi. Na kukuaibisha wewe sitaki.

Nimesoma fomu tena. Chini ina mstari huu: "Kama mwimbaji ni marehemu, jina na sahihi ya mrithi." Uliniambia habari za mdogo wako marehemu. Sijui kama ndiye. Kama nimekosea, nisamehe. Nitasubiri hadi utakaponiambia cha kufanya.

Arjun


Kemondo,
14 Septemba 2025

Arjun mjukuu wangu,

Ndiye.

Chana ile fomu. Nimekaa na barua yako siku nne, nimepalilia migomba ambayo haikuhitaji kupaliliwa, na sasa naandika.

Jovitha alikuwa na miaka kumi na mitano. Alimaliza la saba, akafaulu, ila hakuchaguliwa kuendelea. Nafasi zilikuwa chache. Alikuja Mwanza na meli kuniletea ndizi na mafuta ya kujipaka, arudi siku ya pili yake. Siku hiyo ya kurudi kwake nikaamka sauti imekatika kabisa, hata kuita siwezi. Mwalimu Projest alishika kichwa. Siku ya kurekodi kwa Mzee Natvarlal tulikuwa tumeingoja muhula mzima. Jovitha akasema, huku ameangalia chini, kwamba sehemu yangu anaijua, amenisikia nikiifanyia mazoezi nyumbani likizo nzima nikimenya ndizi. Akaimba mstari mmoja pale uani mwa bweni. Mwalimu Projest akaniashiria kwa mkono nikavue sare.

Alivaa sketi yangu na soksi zangu. Mimi nilivaa sare ya kuazima, nikasimama mstari wa nyuma nikifungua mdomo mtupu. Honi unayoisikia ni ya meli ya Bukoba, ilikuwa inamwita yeye. Ndiyo maana hatukurudia. Alipouliza kama ameweza, nilitikisa kichwa kwamba ndiyo, tena sana, machozi yananitoka. Sauti sikuwa nayo, na mashine hairekodi kichwa kinachotikiswa. Pengine hata yeye hakukiona, alikuwa amenipa mgongo.

Kadi ilikuwa imeshaandikwa tangu juzi yake. Mwalimu Projest alisema ataibadilisha. Hakuibadilisha, nami sikumkumbusha.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili redio ikapiga kanda yetu, mtangazaji akataja jina langu. Tulikuwa nyumbani wote. Baba akasimama. Mama alikuwa anamenya ndizi, akasimama na kisu chake. Jovitha alisimama bega kwa bega na mimi, sauti yake inatoka redioni, na wimbo wa taifa ukipigwa hakuna anayeruhusiwa kufungua mdomo. Nilijiambia ukiisha tu nasema. Ulipoisha Baba alikuwa tayari amenikumbatia, analia, baba yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia. Nikamtazama Jovitha. Akachukua ndizi akaenda jikoni. Baba alichinja mbuzi, na aliyewanawisha wageni mikono alikuwa yeye.

Kwa jina lile nilipata chuo cha ualimu. Nimefundisha watoto kuimba miaka thelathini na minne. Jovitha hakulisema kwa mtu mpaka ugonjwa ule ulipomchukua mwaka 1995. Wiki ya mwisho aliniambia nimlee Sharon, basi. Ningefurahi kama angenitukana.

Ninayemwogopa ni Sharon, si kampuni wala wakili. Amekua akiniuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Hana kitu cha mama yake zaidi ya picha moja ya kipaimara. Na mimi nilimjibu, miaka yote hii, "Mama yako alikuwa mkimya."

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine iliyofungwa, yenye jina lake. Nimemwandikia haya haya niliyokuandikia wewe. Mpelekee Buhongwa. Mwache aisome kwanza, halafu ndipo umsikilizishe, kanda nzima, usikate chochote. Kama hatataka kutia sahihi, usimlazimishe.

Mimi sauti ninayo siku hizi, lakini mbele yake sidhani kama ingetoka.

Kokulinda


Buhongwa,
11 Oktoba 2025

Shikamoo Mama Mkubwa,

Najua umekuwa ukienda bandarini kuuliza barua. Karani wa meli ameniambia. Nimechelewa kwa makusudi, nilitaka usubiri.

Arjun alikuja dukani tarehe 22 mwezi uliopita, kashika bahasha yako kwa mikono miwili. Nilidhani anataka dawa. Nilisoma barua nikiwa nimesimama kwenye kaunta, wateja wawili wakinisubiri, nikawauzia dawa zao, nikafunga duka, nikapanda naye mjini.

Chumba cha babu yake bado kina mablanketi ukutani. Aliniwekea kiti. Mashine ikaanza kuzunguka, akaanza mtu kuimba peke yake, na mimi nikasimama. Nani angekaa? Arjun naye akasimama kule kwenye mlango. Mama yangu anaimba, ana miaka kumi na mitano, ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na saba, na mimi nimesimama wima mikono pembeni, machozi yananifika kidevuni na siwezi kuyafuta kwa sababu ni wimbo wa taifa. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Honi ilipolia nilitaka kuipigia kelele inyamaze.

Nimekasirika, Mama Mkubwa. Sitakuficha. Sauti yake imepewa jina lako, sawa, mlikuwa watoto. Baba yenu amelia, sawa. Lakini mimi nilikuuliza nikiwa na miaka saba, nikauliza tena nikiwa na kumi na mbili, na siku ya kuolewa nikakuuliza tena, nikiwa nimevaa shela. Mkimya! Kumbe nimekuwa nikiwabembeleza wanangu kwa kunong'ona, nikiamini kwamba sisi ni watu wa kimya.

Wiki ya kwanza niliapa sitakuandikia. Wiki ya pili nikawa nakwenda kwa Arjun kila nikifunga duka, haniulizi kitu, ananiwekea kanda anaendelea na chaja zake. Ukisikiliza mara nyingi unasikia vitu. Kabla hajaanza, anavuta pumzi na anacheka kidogo puani. Binti yangu mkubwa anacheka hivyo hivyo.

Fomu nilitia sahihi siku ile ile. Palipoandikwa "Jina la mwimbaji" niliandika Jovitha Kashaija kwa herufi kubwa, na palipoandikwa mrithi nikaandika jina langu. Arjun aliipeleka pamoja na kanda nzima, siku tano kabla ya mwisho. Jumatatu wamejibu. Kampuni imeondoa madai yake, na chaneli ya Mzee Natvarlal ipo salama. Rekodi imerudi na jina la Mama juu yake. Watu wa hapa wameshaanza kuandika. Kuna aliyeuliza huyu Jovitha ni nani mbona hajawahi kumsikia. Sijamjibu, nimekuachia wewe.

Sasa sikiliza. Mimi nimesoma kwamba ulitikisa kichwa. Mama hakuisoma barua hiyo. Yeye kila kanda inapozunguka anauliza tena, "Dada Koku, nimeweza?" na kila mara watu wanamnyamazia, ndipo anakimbilia meli. Juzi nilijaribu kumjibu mimi. Haikufaa, hakuniuliza mimi.

Panda meli uje. Arjun amesema mashine ataiwasha siku yoyote utakayofika, hata Jumapili. Pale kwenye swali kuna sekunde kumi na moja. Zinatosha kwa mtu kumjibu.

Mwanao,
Sharon


Kemondo,
16 Oktoba 2025

Sharon mwanangu,

Nakuja na meli inayofuata. Nitabeba ndizi, na iliki.

Koo langu ni zima.

Mama Mkubwa wako,
Koku